Beberu wa Mlango wa Datsun

Baba Winrose,

Chai iko kwenye chupa, viazi viko sufuriani, pasha tu. Ng'ombe nimeshakamua. Winrose asitoke bila sweta, baridi ya leo si mchezo.

Mlango umepatikana! Nilikuwa bado nakamua, Idrisi wa vipuri akanipigia kutoka Embu, nusura nimwage maziwa yote. Kule Kiambere kuna mzee amefanya mlango wa Datsun 1200 kuwa mlango wa kibanda cha kuku. Wa kushoto! Kioo kizima, hata kishikio kipo! Ule tulioutafuta mpaka Nairobi tukachoka. Sasa gari la marehemu baba yangu litaacha kufungwa kwa kamba, na wewe utakosa cha kuchekea mbele ya wageni.

Mzee hataki pesa. Anataka beberu wa huku kwetu milimani.

Kwa hivyo usihangaike kumtafuta beberu wako zizini. ~~Nisamehe.~~ Siombi msamaha. Huyo ndiye uliyembakisha kwenye mahari yangu, na kila Krismasi ulimwambia baba, "Bado ananenepa, mzee." Baba alimngoja mpaka tukamzika. Leo mahari imeisha, na yote imeingia kwenye gari lake.

Nimepanda lori la viazi la Murungi. Nitarudi jioni. ~~Ukipata nafasi, nichemshie maji ya kuoga.~~ Chemsha maji.

Na ile kamba ya mlango, ifungue wewe mwenyewe. Ni wewe uliyeifunga ukicheka.

Mama Winrose