Fundo Lililolegea Makambako

Kamwene, salamu nyingi mchumba wangu Neema,

Hapa Njombe baridi inatutafuna, hata jogoo anawika amejikunyata. Bibi yako, yaani mke mwenzio, ananigombeza vizuri tu.

Umeuliza kama nimezielewa hizo protini unazosomea chuoni, zinazoshikanisha seli za titi. Nadhani ni mafundo. Nilipokuwa namposa bibi yako, baba yake alinipima kwa kunitaka niezeke jiko lao kule Makambako, kwenye upepo ule. Nilipomaliza akapanda ngazi, akavuta kila fundo. Moja likalegea.

"Mzee, si moja tu?"

"Upepo nao unataka moja tu, kijana. Nyasi zikiachana hapa, utaziokota mashambani kwa watu."

Nilimkumbusha bibi yako maneno hayo alipokataa kwenda kutolewa kile kivimbe cha titi. Akaniita mzee mlevi, kisha akavaa viatu.

Jana tulipewa majibu: hakuna kilichotoka kwenye titi kwenda kwingine. Bibi yako alipiga vigelegele pale pale mbele ya daktari, akapitia sokoni kuchagua kitenge cha mahafali yako. Mimi nilibeba mfuko.

Babu yako mtundu