Ndoano Yenye Mdomo Mpana

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Trela imepakwa rangi. Kijani! Miaka mingapi mume wangu Karangwa anaichomelea hapa uani Kabeza, mpaka majirani wanauliza tunafuga nini. Ina kitanda, jiko, tangi la maji. Kilichobaki ni kifaa cha kuifungia nyuma ya gari. Wiki ijayo, sikukuu ya Bikira Maria, tunavuka mpaka wa Rusumo kwenda Karagwe, alikozaliwa, tukalale karibu na kaburi la mama yake. Hajafika tangu mazishi. Ataendesha yeye — mimi usukani siujui. Haya.

Jumatano, 6 Agosti
Gatsata, kwa Twahiru wa spea. Vumbi, na oili kwenye sketi yangu nzuri. Akatuwekea vifungio vitatu mezani. Boli, kile kichwa cha chuma cha mviringo: haina kelele, ila kwenye makorongo ya kule kijijini inaweza kuchomoka. Pini inayozunguka pande zote: kiboko ya njia mbaya, ila ukirudi nyuma ulenge tundu barabara. Halafu ndoano na pete, kama za malori ya jeshi. "Mzee, hii iko nguvu sana," Twahiru akasema. Karangwa akacheka — eti inagongagonga njia nzima, ni ya kuvutia mizinga. Tangu mwaka jana anahubiri pini tu, pini tu. Nikajua tunalipa tuondoke. Wapi! Eti akafikirie kwanza.

Jumamosi, 9 Agosti
Karudi Gatsata peke yake, kwa pikipiki. Gari kaliacha. Eti foleni.
Kaleta ndoano! Na pini je? Kasema ndoano ina mdomo mpana, hata usipolenga sawasawa pete inaingia. Huyu huyu aliyekuwa akiegesha gari mahali ambapo hata baiskeli ingeogopa! Jioni nzima alikaa barazani anaipapasa, hakuitazama hata kidogo. Kuna kitu.

Jumapili, 10 Agosti
Nimemtega, Mungu anisamehe. Baada ya misa nilisogeza kigoda, nikakiweka katikati ya sebule. Akajikwaa, akaanguka na chai yake. Mana we, Mungu wangu! Nikalia kabla yake.
Karangwa, huoni?
Akajifuta chai, akasema: jicho la kulia limekwenda tangu Pasaka, la kushoto anaona kama anachungulia kwenye bomba. Presha ya macho. Daktari kamwambia kilichopotea hakirudi. Matone anayaficha kwenye sanduku la bisibisi. Na mimi najiita mke!
Anataka kuliona kaburi kabla giza halijamalizia kazi. Akichelewa, ataenda kupapasa tu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimempigia binti yetu Natacha, yuko Remera. Kasema tukodi dereva, na funguo nizifiche. Funguo anazilalia. Dereva nikamtajia. Hakukasirika, na hilo ndilo limeniumiza. "Mama Natacha, nifike kwa mama yangu nimebebwa kama gunia?"
Hapa hakuna njia, nikigeuka huku ukuta, nikigeuka kule ukuta.

Alhamisi, 14 Agosti
Alirudisha gari kinyumenyume afunge trela. Mimi nyuma, naelekeza. Njoo, njoo, kushoto — simama! Akapita pembeni. Tena — akagonga ukuta, taa ikapasuka. Tena. Mwishowe pete ikatumbukia, kishindo! Akashuka anacheka kama kijana, akanikumbatia. Umeona? Nimeona, baba.
Hakulenga. Nilikuwa nimeisukuma trela kwa kiuno changu hiki mpaka pete ikakaa mahali pake. Mgongo unawaka moto. Kwa nini nimefanya vile? Mpumbavu mimi! Nilitaka acheke tu.

Ijumaa, 15 Agosti
Asubuhi. Gari linaunguruma, lango wazi. Chakula kimepakiwa, rozari ya mama mkwe imening'inia kwenye kioo. Mimi niko dirishani chumbani, nimevaa viatu vya safari, miguu haitaki. Natacha hapokei simu.
Honi.
Nikitoka niifungue ndoano, atarudia kulenga ashindwe, ajue ya jana ilikuwa kazi yangu. Nikipanda — barabara ile ina malori, ina watoto wa watu wanaokwenda kanisani.
Honi tena. Ametoa kichwa nje, anatabasamu. "Mama Natacha, umependeza! Sasa sogea kidogo, unanizibia njia."
Mimi niko huku ndani. Anaongea na kitenge changu kilichoanikwa kwenye kamba. Anakisubiri kisogee.