Pigo Moja Lililopotea Harusini

Mahajanga,
Ijumaa, baada ya sala

Baba yangu,

Shikamoo. Laiti karatasi ingekuwa na mdomo, ingekubusu mkono kwa niaba yangu kabla hujaanza kuisoma. Natumaini imekukuta na miwani yako na siyo ya Mama, maana Mama aliniandikia kwamba barua iliyopita uliisoma yote kwa miwani yake, kisha ukalalamika eti mwandiko wangu umeharibika! Mguu je, bado unakusumbua ukipanda ngazi? Na yeye Mama, presha imetulia? Mimi ni mzima, isipokuwa jua la huku limenibabua, na nimezoea kula wali asubuhi, mchana na jioni kama wenyeji.

Leo nina jambo, na kwanza nakuomba usiikunje barua ukiona nataja harusi ya Mkunazini. Najua harusi ile haitajwi nyumbani. Najua fidla yako iko juu ya kabati tangu siku ile, imefungwa kwenye shuka, na redio ikianza taarabu unainuka kwenda msikitini hata kama adhana bado. Nivumilie, Baba. Nitafika huko polepole.

Unajua nipo kwenye duka la kutengeneza redio. Tajiri wangu ni Mhindi wa hapa hapa, babu zake walikuwa na biashara Marodoka, kule kisiwani Nosy Be. Juzijuzi alinituma huko nikachukue redio na vyombo vya muziki vya hoteli moja iliyokuwa inafungwa. Baba, kisiwa kizima kinanukia mlangilangi! Wanaulima mashamba na mashamba, wanayachemsha maua yake wakapata mafuta. Nilishuka bandarini nikasimama tu na mzigo wangu kichwani, nikamkumbuka Mama na nywele zake siku ya Idi. Watu wakanipita wakidhani nimepotea.

Katika vyombo hivyo mlikuwa na hedifoni tatu, zile spika ndogo za kuvaa masikioni, ambazo hapa wanaziita kaski. Zote tatu zina matundu mgongoni. Mimi na fundi mwenzangu Jao, Msakalava, mtu wa kabila la hapa, mwenye kiburi kama changu, tukatazamana. Tukaamua zimeliwa na panya. Tukachukua gundi na plasta nyeusi, tukaziba kila tundu, kazi safi kabisa, tukajisifu. Tukazivaa. Lo! Ikawa kama mtu anaimba ndani ya debe na wewe umekalia kifuniko. Jao akailaumu plasta yangu, mimi nikailaumu gundi yake. Tajiri akaja, akasoma karatasi iliyokuwa chini ya boksi, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ndivyo zilivyoundwa. Mgongo umeachwa wazi makusudi ili sauti ipumue. Siku nzima iliyofuata tulikuwa tunabandua plasta kwa wembe, hatusemeshani.

Zilipopona, kila mtu akapata yake. Ya kwanza ni nyeusi, nzito, ina mito ya ngozi. Jao aliivaa akaweka salegy, muziki wao wa magitaa yanayokimbia, akaanza kutikisa mabega naye amekaa kitako. Ngoma inakupiga kifuani hasa, lakini waimbaji wamesukumwa nyuma, utadhani wako uani wanafua. Ya pili ni nyepesi, ina sponji za rangi ya chungwa. Hiyo tajiri hataki kuivua. Anapenda nyimbo za filamu za Kihindi, na zile sauti nyembamba za wanawake zinapanda juu na kung'aa. Mimi dakika kumi tu meno yakaniuma. Tukabishana, wateja nao wakaingia wakabishana, redio zao zimelala mezani hazijafunguliwa. Ya tatu ikakosa mtu. Ni kubwa, ya kijivu, na mgongoni ina wavu kama chujio la chai. Jao alisema imepooza, haina raha. Nikaichukua nikaenda nayo nyumbani.

Ninakopanga ni kwa bibi mmoja wa Kingazija, Moinaecha, ila sote tunamwita Koko, yaani bibi kwa lugha yao. Yeye ananisemesha Kingazija, mimi namjibu Kiswahili, tunakutana katikati, na panapokatika tunashika Kimalagasi. Nilimvalisha ile ya kijivu nikamwekea kaseti yake ya maulidi. Akageuka kutazama nyuma ya kiti.

"Wamekaa wapi hawa?" akauliza.

"Koko, hamna mtu humu, ni mimi na wewe."

"Wewe huoni tu. Huyu mwenye dufu yuko hapa," akasema, akanyoosha kidole kwenye kabati la vyombo. Na papo hapo, hedifoni zimo masikioni, akanipigia ukelele kwamba maziwa yanafurika jikoni. Alivisikia vyote viwili, Baba, maulidi na maziwa!

Kwa furaha yake akanitolea boksi la kaseti za mpwa wake, ambaye zamani alikuwa akija Unguja kwa biashara, akitembea na redio kaseti kubwa yenye maikrofoni mbili. Kila harusi aliyoalikwa aliirekodi. Koko akachomoa moja akasema hii ya kwenu, isikilize. Nikaiweka. Udi ukaanza, nikaujua wimbo. Ilikuwa harusi ya Mkunazini.

Nilitaka kuzima, sikuweza. Sijui nikueleze vipi. Sikuwa nasikiliza kaseti tena, nilikuwa nimekaa palepale mkekani. Udi uko kushoto, kodiani kulia, dumbaki ya rafiki yako Ami Shaali iko mbele, na wewe uko nyuma kabisa karibu na ukuta. Nilisikia kanzu yako ikisugua kiti. Nilisikia ukivuta pumzi kabla ya kuweka upinde kwenye nyuzi. Miaka yote niliyolala nyumba moja nawe sikujua kwamba unavuta pumzi vile, kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Subhanallah, mtu yuko ng'ambo ya bahari na pumzi yake iko nyuma ya shingo yangu! Nililia, Baba. Koko aliniuliza kama nimeungua.

Basi pakafika pale. Fidla inamjibu mwimbaji, inaingia kabla ya wenzake, watu wanacheka, na yule mtu anapiga kelele, "Mzee kakimbia!" Upinde ukalazwa chini. Baada ya hapo mtaa mzima ulikuita Mzee Haraka. Mimi nililisikia jina hilo maskani, nikacheka pamoja nao. Mungu anisamehe.

Lakini ile ya kijivu ilinisikilizisha kitu kinachotangulia. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena na tena, mpaka Koko akasema nitamkatia mkanda. Kabla hujaingia, dumbaki inaruka pigo moja. Moja tu. Inanyamaza, kisha inaendelea, na udi na kodiani na mwimbaji wote wanaifuata, wanachelewa pamoja nayo. Wewe hukuifuata. Uliendelea na hesabu ya kweli. Hukukimbia, Baba. Wote walichelewa isipokuwa wewe.

Nikaogopa kwamba ni mapenzi ya mwana ndiyo yananidanganya. Kesho yake nikampelekea Jao dukani. Hajui Kiswahili, hajui taarabu, hakujui wewe. Sikumwambia kitu. Akavaa, akawa anahesabu kwa kidole kwenye meza, na kufika pale kidole kikabaki hewani. Akasema "amponga", yaani ngoma, akanionyesha kidole kimoja. Pigo moja limepotea. Akaendelea kusikiliza, akauliza ni nani huyo anayepiga fidla. Nikasema ni baba yangu. Akaivua, akanipa mkono, na Jao si mtu wa kusifu.

Sasa linakuja lililonifanya nikae wiki tatu bila kuandika. Palepale dumbaki inaponyamaza inasikika noti mpya ikikwaruza, na kijana mmoja, karibu kabisa na maikrofoni, anasema, "Kula, Ami, kula!" Sauti inakwama katikati, ya mtoto anayejifanya mwanamume. Baba, ni mimi. Nilikuwa nimepata mshahara wangu wa kwanza, nikataka watu waone kwamba mtoto wa mpiga fidla naye anawatunza wapigaji kwa noti. Nikaona haya kukutunza wewe baba yangu mbele za watu, nikamwendea Ami. Nilimbandika noti kwenye paji la uso, ikateleza, naye akainua mkono kuidaka. Mkono ule ndio ulioacha ngozi ya dumbaki. Noti kuteleza naikumbuka siku zote, tena kwa kucheka. Sikuwahi kuiunganisha na wewe.

Nimekukosea. Nilikuvunjia kazi yako mbele ya watu, kisha nikacheka na waliokucheka. Nakuomba radhi, na nitakuomba tena siku nitakayosimama mbele yako.

Anayekuletea barua hii ni binamu yake Koko, mwanamke mfanyabiashara anayekuja huko kwa kupitia Moroni. Amebeba kaseti pamoja na ile ya kijivu, tajiri amenipa kwa kuwa haina mteja. Jao bado anasema imepooza, na kwa salegy sibishani naye. Mdogo wangu Kidawa atakuchomekea kwenye redio yangu ya zamani. Usiitie plasta! Mama akae karibu yako, iko wazi mgongoni, kwa hiyo naye atasikia kidogo. Ukifika pale wanapocheka, tafadhali usinyanyuke. Hesabu. Sikuombi uishushe fidla juu ya kabati. Nakuomba uhesabu tu.

Nisalimie Mama, na mwambie kitambaa alichonipa bado hakijachanika. Nisalimie Kidawa na cherehani yake, na shangazi wa Jang'ombe anayeuliza kila siku nitaoa lini. Ami Shaali mpe salamu zangu za heshima, usimlaumu, alikuwa anadaka noti yangu. Najua siku hizi mnasalimiana kwa mbali. Msogelee, Baba, msikilize pamoja.

Wako, aliyekunyamazisha siku ile bila kujua, na ambaye sasa kila akirudisha mkanda anakusikia ukivuta pumzi na kungoja upige,

mwanao,
Makame