Maumivu Uliyosema Yamepungua

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, kisha mkono ukasimama, maana tangu nipate akili sijapata kukuamkia usiniitikie. Nnakuandikia alasiri. Mama amejilaza, nyumba kimya. Juzi ametoka eda. Ina maana umeshatimiza miezi minne na siku kumi tangu ututoke, nami bado nikisikia hatua za mtu kwenye ngazi hunyanyua kichwa.

Nina habari za kukupa. Moja ni nzito, na imenichukua muda wote huu kupata ujasiri wa kuiandika.

Baba, mji mzima ulikuwa ukikujua kwa miguu yako. Miaka ishirini na ngapi sijui, tarishi wa serikali, bahasha kwapani, leo Mkunazini, kesho Vuga, na kote huko unakwenda kwa miguu. Ulipoanza kusimamasimama njiani, watu wa Mlandege walidhani umezidi ukarimu. Unasimama duka hili unauliza hali za watoto, unasimama duka la pili unashika kitambaa ambacho hukikusudii. Mimi nilikuwa nshaanza kazi ya unesi, na siku niliyotembea na wewe kutoka Darajani nilihesabu: kila baada ya nyumba sita, lazima umwamkie mtu. Nikakuuliza, "Baba, mguu unakuuma?" Ukanijibu, "Mguu? Mimi nawasalimu watu, mwanangu."

Hapo ndipo ulipoanza kunidanganya. Na hapo ndipo mimi nilipoanza kukubali kudanganywa.

Daktari wetu alipokupima alinieleza kwamba mishipa ya damu ya mguu wa kushoto imekuwa myembamba mpaka damu haifiki chini, ndiyo maana unyayo ulikuwa baridi hata katika joto la Ramadhani. Kile kidonda cha kidole gumba hakikuwa cha kiatu kama ulivyokuwa ukisema. Akasema wazi mbele yetu sote watatu: mguu ukatwe chini ya goti, mapema. Mama akajifunika uso. Wewe ukacheka, ukasema, "Daktari, tarishi wa mguu mmoja atapeleka nini, na atafika lini?"

Mimi ndiye niliyesema kuhusu hewa. Siyo daktari, Baba. Nataka ulijue hili kama hukulijua. Yeye alikuwa nayo mashine yake ndogo katika chumba cha pembeni, ile inayopitisha umeme katika oksijeni ya mtungi mpaka igeuke ozoni. Alikuwa akisoma majarida ya Ulaya yanayozungumzia hewa hiyo kwa watu wa mishipa kama wewe, na nilikuwa nshamsikia akisema angependa kuijaribu. Nilimfuata ukumbini nikamwambia, "Mjaribu Baba." Alinitazama, akasema, "Zuhura, hili ni jaribio. Siahidi kitu. Na ukiona linatuchelewesha, uniambie." Uniambie. Aliniambia mimi, nesi wake, kwa sababu aliniamini.

Basi ikawa kila siku baada ya adhuhuri unalala kwenye kitanda kile, mguu umetiwa ndani ya mfuko wa mpira uliofungwa pajani, na hewa inaingizwa taratibu. Chumba kizima kilinuka kama radi imepiga uwani. Ulipenda kuwaambia watu, "Mimi natibiwa kwa radi." Mimi nakaa na daftari. Rangi ya ngozi. Joto la unyayo. Kidonda. Mwisho daktari anakuuliza, "Maumivu leo?" nawe unajibu, "Yamepungua, Daktari. Alhamdulillahi."

Wiki mbili za mwanzo kidonda kilisafika kweli. Hilo sikuliota. Nililiona kwa macho yangu, na daktari aliliona, na furaha aliyokuwa nayo siku ile ilinifanya nimpende kama ndugu. Ndiyo siku uliyosema hutaki kurudi nyumbani kwanza, twende Forodhani. Ukatembea mpaka kule bila kusimama hata mara moja, Baba! Hukumwamkia mtu. Tukakaa tukala muhogo wa kuchoma na pilipili, na mimi nikalia kwa furaha, nikakwambia ni pilipili.

Baada ya kukuzika ndipo Mama aliponihadithia habari ya jioni ile. Kwamba ulipofika nyumbani, na mimi nshaondoka kwenda zamu, ulipanda ngazi kwa makalio, moja moja, umeng'ata pembe ya msuli uliojifunga kiunoni. Kwamba ulimwapisha asiniambie. "Mtoto amefurahi," ulimwambia, "mwache afurahi." Baba, Baba. Kwa nini ulinifanyia hivi?

Lakini mimi pia. Hapa ndipo penye uzito. Tangu wiki ya tatu nilikuwa nakiona kiganja chako. Mdomo ulikuwa ukisema yamepungua, na kiganja kimeshika chuma cha kitanda mpaka vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Nilikuwa naona. Kisha nainama, naandika: yamepungua. Siku moja nilipogusa unyayo ulikuwa baridi kama sakafu, nikausugua kwanza kwa mikono yangu, nikausugua vizuri, ndipo nikaandika kwamba una joto kidogo. Nilijiambia kesho utakuwa na joto la kweli. Nilijiambia hivyo siku nyingi.

Homa ilipokuja haikutupa nafasi. Kidole kikawa cheusi, weusi ukapanda, na walipokukata ilikuwa juu ya goti na sumu imeshatangulia kwenye damu. Asubuhi ya kukatwa, nilipokuwa nakubadilisha shuka, uliniambia kwa sauti ndogo, "Zuhura, lile daftari lako... mimi nilikuwa nakuongopea kidogo."

Nikafanya sikusikia. Nikanyoosha shuka. Nikasema, "Inua mkono, Baba."

Ulikaa siku tatu baada ya hapo, na hukusema tena neno la kufahamika. Wanaume wakakuchukua kwenda kukuzika kwenye mava ya kwenu Chukwani, nasi tukabaki na maji ya kuoshea yaliyomwagika uwani. Na mimi nikabaki na jibu langu mdomoni. Nilikuwa najua, Baba. Hilo ndilo jibu. Ungeupata ukweli wangu asubuhi ile, angalau usingeondoka ukidhani uongo ulikuwa wako peke yako.

Sasa habari yenyewe. Baada ya hitma ya arubaini nilirudi kazini, nikamkuta daktari anaandika maelezo ya wagonjwa wake wa hewa ili awapelekee madaktari wenzake wa nje. Ulikuwamo, bila jina. Alinipa nisome nione kama amekosea tarehe popote. Nikasoma kwamba mgonjwa wa kwanza alifariki, lakini kabla ya hapo alipata nafuu ya maumivu kwa wiki tano. Wiki tano! Niliona herufi zinacheza. Kuna mzee mwengine mahali fulani, ana mguu baridi na binti anayempenda, na maneno yale yatamfikia.

Nikafunga mlango. Nikamwambia yote: chuma cha kitanda, ngazi, msuli, mikono yangu iliyokuwa ikiusugua unyayo. Sikulia mpaka nilipomaliza. Alivua miwani, akakaa nayo mkononi. Akauliza, "Ulijua tangu lini?" Nikamjibu tangu wiki ya tatu. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Mimi nilikuwa naulizia nimesimama mlangoni, nikiwa nshatabasamu. Mgonjwa gani angenijibu vyengine?" Kisha akachukua kalamu akaufuta mstari ule, akaandika upya kwamba maumivu hayakupungua, na kwamba jaribio lilichelewesha kukata. Kalamu ilikuwa ikikwaruza karatasi. Nilisikia kama anakukata mara ya pili.

Hakunifukuza. Alinizuia kuandika daftari kwa mwezi mzima, na nilistahiki.

Halafu akaja Bi Mwanaidi, mkulima wa Makunduchi, mguu kama wako, kidonda kisiginoni. Naye aliomba hewa, hataki kusikia habari ya kisu. Siku ya nane daktari alimuuliza, naye akajibu, "Yamepunguapungua." Nilimwona mkono umeshika kitambaa cha kanga. Daktari alipotoka nilivuta pazia, nikakaa kitandani pake, nikamwambia, "Bi Mwanaidi, daktari hayupo. Hakuna wa kukasirika hapa. Niambie mimi." Akanitazama kwanza kama ananipima. Kisha akaanguka begani kwangu, akasema, "Mwanangu, sijalala. Sijalala tangu nilipokuja." Nikalia naye. Halafu nikaondoka moja kwa moja kwa daktari, na alikatwa siku ya pili yake, chini ya goti, kama daktari alivyotaka kukukata wewe.

Amepona. Wiki iliyopita alikuja na gongo lake, ananigombeza kwamba limepindwa vibaya na lamuumiza kwapa. Alinigombeza mbele ya wodi nzima, kwa sauti kubwa, na nikakimbilia stoo nikalia mpaka wenzangu wakaja kunitafuta. Kwa sababu ungekuwa wewe. Ungekuwa wewe unayenigombeza.

Mashine bado ipo chumbani. Daktari hajaitupa. Anasema huenda ipo siku watu watajua hewa ile inamfaa nani na haimfai nani, na kwamba hilo halitajulikana kwa wagonjwa wenye adabu kama wewe na manesi wenye mapenzi kama mimi. Nadhani amesema kweli, lakini sitaki kuwa karibu ikiwashwa. Harufu yake siiwezi.

Baba, mimi nshakusamehe uongo wako, maana ulikuwa wa kunifurahisha. Wangu ulikuwa wa kujifurahisha mwenyewe, na ndio nnaokuomba unisamehe. Nakuahidi kwamba maadamu navaa nguo hizi nyeupe, sitaandika tena neno la mgonjwa kabla ya kuvuta pazia na kumuuliza mara ya pili, na jibu nitakaloandika litakuwa lile linaloniuma.

Mama ameamka, ananiita. Niko nawe kwenye dua kila siku, na sitaacha. Mola akulaze pahala ambapo huulizwi unaumwa wapi.

Mwanao,
Zuhura