Kamusi Yetu ya Magonjwa Inatembea Tena

Yaya Fideli, mukubwa wangu,

Kwa heshima zote, na nimesimama wima, nakutangazia habari kubwa kuliko zote za Kashikishi: nimenunua miwani. Ndiyo, mimi Kabwe. Cheka kwanza, nangojea.

Niliinunua kwa sababu ya skripti yako, ile orodha ya amri yenye kukusanya kamusi yetu ya magonjwa, ya Kiswahili na Kibemba, na kuifanya programu ya telefone. Tangu tukuzike, ilikataa kazi. Niliongeza maneno mapya, nikaianzisha, ikajibu: chombo hakionekani. Lakini chombo, ile programu ndogo ya kuijenga, kiko! Nikikiita mwenyewe mu ile dirisha nyeusi ya kuandikia amri, kinaitika. Skripti ikikiita, kimya. Nikakiweka upya mara ine. Ungeniona, ungesema kama siku zote: "Kabwe, weye ni fundi wa kurudilia."

Na batu banangojea, Yaya. Mama mumoja, mupya ku kambi ya wakimbizi, alileta mutoto ku kliniki. Hakujua namna ya kusema kwa Kibemba kwamba mutoto hakojoi tangu jana. Akaonyesha kwa mikono. Mustari muzima wa bagonjwa ukacheka. Akalia. Neno lile liko kati ya yale yaliyokwama kwangu. Nesi Bwalya, kila akipita mbele ya meza yangu ya kutengeneza telefone, anauliza: "Bafundi, lelo?" Ni leo? Nami: "Kesho, dada." Kesho ile ilikuwa ndefu sana.

Nilisema ni umeme. Nilisema ni moshi wa samaki, wenye majirani wanakausha, umeingia mu mashine. Hata nilisema ni weye uliandika vibaya. Pardon.

Alhamisi nikavaa miwani, nikasoma mustari kwa mustari. Juu kabisa uliandika mahali pa kutafuta vyombo: dosye, ile folda, yenye jina lako. Dosye ile haiko tena. Nikabadilisha mustari ule mumoja. Sasa inatafuta mu dosye ya yeyote mwenye kuketi mbele ya mashine. Ikatembea! Yule mama amekwisha kuiweka kamusi mu telefone yake, na tayari amenisahihisha maneno mawili ya Kiswahili.

Basi pumzika, Yaya. Naahidi kila neno lenye bamama batanipa nitaliingiza, na sitasema tena kesho.

Sasa ukweli. Dosye haikupotea yenyewe. Baada ya mazishi, muke wako, Mama Odette, alinipa ordinatere yako, ile mashine. Nikaifungua, ikaandika: Karibu, Fideli. Nikaifunga. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikaondoa jina lako, nikaandika langu, hata ku dosye, nipate kufanya kazi bila machozi kuanguka mu klavye. Ni mimi niliharibu. Batu bote nilibaambia ni moshi wa samaki. Mama Odette peke yake nilimwambia vile ilikuwa. Akasema: "Na miye shati zake nilizipeleka kwa dada yangu, nisizione."

Tukacheka, Yaya. Tulicheka sana.