Mabati ya Kanisa la Babu

Tabora, Jumapili mchana

Shikamoo Mama,

Nakuandikia mikono ikiwa imejaa kutu. Lile kanisa la Kipresbiteri alilojenga Babu na wenzake wa reli waliotoka Nyasa halina paa tena. Waumini karibu wote wamehamishiwa kijiji cha Ujamaa, mwendo wa siku nzima kwa njia ya zamani ya misafara. Wamekubaliana mabati yawafuate, yaezeke banda la kusalia na kufundishia watu wazima kusoma.

Nilimkuta Bibi Elesi, mzee wa kanisa pekee aliyebaki mjini, akisimamia kazi. Miguu yake haiwezi tena safari. Niliposhusha bati la mwisho nikamwuliza, "Bibi, wewe utasali wapi?"

"Mjukuu wangu, mimi ndiye niliyetangulia kunyoosha mkono kukubali. Huko watoto wanazikwa bila hata wimbo. Ila sikujua jua litaingia namna hii."

Akakaa kwenye benchi, akaanza kuimba peke yake. Sauti ikamkatika kabla ubeti haujaisha. Nilitaka kuupokea wimbo, nikaishia kulia. Jirani yake, Bi Zuwena, akatoka msikitini kwao moja kwa moja hadi hapo, akamfunika kichwa kwa kanga yake, kisha akatuletea ugali na uyoga. Mkokoteni wa ng'ombe ulipoondoka na mabati, Bibi Elesi hakugeuka kuutazama.

Nisamehe Mama, najua ulifungia ndoa humu. Jifunike vizuri, baridi ya Tukuyu isikuumize kifua. Nakupenda sana.

Mwanao,
Lusungu