Kitambaa cha Baba na Bei ya Gari Jipya

Nyumbani,
Chumba cha cherehani.
Jumapili, tarehe 2 Machi.

Mpendwa Kaka yangu Profesa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Kabla sijaanza kupayuka, niambie kwanza: kile kikohozi kimekuachia, au bado unakifuga ukisema ni baridi tu? Na goti la wifi je? Mwambie aache kujikaza kwenye ngazi, lifti ya jengo lenu haikuwekwa pale iwe pambo. Na wale pacha wenu, wameshaacha kugombania kijiko kimoja? Picha yao tumeiweka juu ya friji, na Mama kila akienda kuchukua maji huwasalimu kwanza.

Sisi hapa tu wazima. Presha ya Mama imetulia, siku hizi anameza dawa bila kufukuzwa. Mimi mgongo unanisumbua kwa kusimama saluni kutwa nikisuka vichwa vya watu, lakini mdomo, kama unavyojua, haujawahi kuugua hata siku moja. Baba naye mzima. Tena ni yeye aliyenifanya nikae niandike barua. Ningekupigia simu, ila Mama kasema haya si ya simu, salio litakatika katikati nawe utabaki na nusu ya habari.

Gari limenunuliwa, Kaka. Jipya, rangi ya fedha, na viti bado vimevaa nailoni kwa sababu Baba amekataa zitolewe. Risiti nimeikunja humu ndani ya bahasha, lakini nakuomba usiitazame bei mpaka umalize kusoma. Nakujua wewe.

Ule ujumbe wako wa namna ya kununua gari niliusoma mpaka simu ikaisha chaji. Nenda maduka matatu. Omba bei kamili kwa maandishi, usajili na bima vikiwemo. Usitaje mfukoni una kiasi gani. Usikubali kubandikiwa vikorokoro vya mazulia na dawa ya kung'arisha. Nenda siku ya mwisho wa mwezi, wauzaji wakiwa wanatafuta mauzo ya kujazia hesabu yao. Yote niliyafanya, na kweli yalisaidia. Kutoka duka la kwanza hadi la tatu, gari lile lile, bei ilikuwa imeshuka bila mimi hata kukunja uso. Kichwa unacho, sikatai.

Lakini kuna jambo tulikuficha, na nakuomba radhi kabla sijalisema. Pesa yako na yangu ilikuwa haifiki. Pengo lililobaki lilikuwa sawasawa na bei ya cherehani ya Mama, ile ya kudarizi. Ni Mama mwenyewe aliyelitoa wazo hilo, si mimi. Fundi wa mtaa wa pili alikuja Jumatano Baba akiwa kwa kinyozi, akaijaribu, akaridhika, akaacha arbuni. Tukapatana: Baba asijue, nawe usijue. Bei ikigoma Ijumaa, Jumamosi asubuhi cherehani inabebwa.

Nilibishana naye, Kaka, wallahi nilibishana. Cherehani ile ndiyo iliyokulipia karo. Nikamwambia tungoje mwaka mmoja. Akanijibu bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona, "Mwaka ujao baba yako atakuwa na macho haya haya?"

Nawe unajua kwa nini ilikuwa lazima liwe gari, tena jipya. Miaka thelathini na mmoja Baba ameendesha magari ya kampuni, na sheria ya ofisi ilikuwa moja: ndugu wa dereva hapandi. Unakumbuka Mama akisimama kituoni kwenye mvua, mimi mgongoni, wewe umeshika ncha ya gauni lake, Baba anapita na mkurugenzi kakaa nyuma anasoma gazeti. Hasimami. Anawasha taa mara mbili, basi, huyo kaenda. Tukifika nyumbani maji yanatuchuruzika, Mama anasema, "Leo baba yenu katusalimu." Tulikuwa tunacheka. Ndiyo maana mimi na wewe tulisema tutamnunulia gari ambalo kiti chake cha nyuma hakijawahi kukaliwa na bosi wa mtu.

Haya, Ijumaa. Asubuhi nilimkalisha Baba nikamfundisha kama mtoto wa chekechea. Usitabasamu. Usiguse. Usisifu, maana mnunuzi akisifu, sifa yake inaongezwa kwenye bei. Niachie mimi niseme. Akaitikia, "Sawa, mwanangu," kwa ile sauti yake ya "Ndiyo, bosi," nami nikaona kazi imekwisha. Unajua nilivyojipa kichwa. Mimi ambaye wauza nywele wakiniona wanaficha mzigo!

Duka lenyewe, lile la tatu, lina vigae vinavyong'aa hata unaona soli za viatu vyako. Muuzaji alikuwa bwana wa makamo, mpole, mwenye tai ya zambarau. Nikamwita Bwana Zambarau moyoni. Nikaanza. Nikaguna, nikanyanyua pua, nikataja bei za maduka mawili yale, nikajifanya naondoka mara mbili. Bei ikateremka kidogo. Ikateremka tena. Mama kakaa kwenye kochi, mkoba kaukumbatia, na ndani ya mkoba ile arbuni ya fundi. Nikaona nusu ya cherehani imeshaokoka.

Mara namwona Bwana Zambarau anaangalia nyuma yangu, na uso wake unachangamka. Nikageuka. Baba! Baba wa watu katoa kitambaa mfukoni, kainama upande wa gari ulioelekea ukutani, anafuta vumbi kwenye kioo cha pembeni. Taratibu, kwa duara, kama alivyokuwa akifanya kila alfajiri kwa gari la mkurugenzi. Mtu anayefuta vumbi gari la duka ameshalifanya lake, hilo hata kipofu analijua.

Bwana Zambarau alijua. Akaweka kalamu mezani. "Dada, hapo ndipo mwisho wetu," akaniambia, kwa adabu kabisa, lakini hakushuka tena hata kwa dawa. Nikabembeleza, nikapandisha, nikateremsha, wapi! Kaka, nilimkasirikia Baba mpaka nikasikia masikio yanawaka. Nikamtazama Mama. Alikuwa ameshafungua mkoba.

Ndipo Baba akaja mezani. Kitambaa bado kakishika mkononi, cheusi tititi. Hakunitazama mimi. Alisimama pembeni kidogo akingoja wateja wengine wawili waliokuwa karibu wasogee kwenye gari jingine. Walipokwenda, akainama kwa Bwana Zambarau, na sauti yake ilikuwa ya chini hata ilinibidi nisogeze kiti.

"Mwanangu," akasema, "gari ni zuri, sina neno nalo. Ila limekaa sana hapa."

Bwana Zambarau akasema, sivyo, mzee, ni la juzi juzi.

"Upande wa mlangoni mnaliosha kila siku. Upande wa ukutani halijaguswa tangu lilipoingia. Gari linalotarajiwa kuondoka huoshwa pande zote." Akakiweka kitambaa mezani, upande mchafu ukiwa chini, ili watu wasiuone. "Tairi zimeandikwa wiki ya thelathini na moja ya mwaka juzi. Zile mbili za nyuma zimeshabonyea zilipolalia. Mipira ya kufutia mvua imekauka, na betri nayo nadhani imechoka, washa tu usikie. Si kosa lako wewe. Lakini usiniuzie kama mkate wa leo asubuhi."

Mimi Kasuku, mnayeniita hivyo kwa domo langu, kumbe sina macho. Nilikuwa nimelizunguka gari lile mara tatu, Kaka, na nilichokiona ni rangi. Sikujua hata kama tairi ina maandishi. Baada ya hapo nilikwenda kuangalia, na kweli, ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Zilikuwepo siku zote, mchana kweupe, zikimngoja anayejua kusoma.

Bwana Zambarau akaenda akaliwasha. Likakohoa mara mbili kama wewe, ndipo likashika. Akarudi bila maneno, akapanda juu kwa meneja wake. Zile dakika tulizokaa pale sitazisahau. Baba kasimama wima mikono nyuma, kama anavyosimama kando ya gari akimngoja mkubwa atoke mkutanoni. Nilimtazama baba yangu mzazi nikahisi simjui. Miaka yote ile nilidhani ananyamaza kwa kuwa hana la kusema.

Bwana Zambarau alishuka na karatasi mpya. Sasa unaweza kuifungua risiti, Kaka. Soma polepole. Na juu ya hiyo bei, tairi nne mpya na betri mpya, na huduma ya kwanza bure. Mama akaninong'oneza, "Cherehani inabaki?" Nikainamisha kichwa kumwitikia. Akajifunika uso kwa mkoba.

Tulipokuwa tunangoja tairi zibadilishwe nikamwambia, "Baba, ulimbana kweli kweli! Na ile ya kungoja wateja waondoke, ukamwonyesha kwamba ukitaka utapaza sauti!" Akanishangaa. "Nimbane? Nilikuwa namsitiri. Ana watoto yule. Nimesikia watu wengi wakifokewa mbele za watu, mimi nikiwa nimeshika usukani na siwezi hata kugeuka. Sikupenda." Nikaona aibu, Kaka. Mimi ningepiga yowe duka zima lisikie.

Halafu akaongeza, kwa sauti ile ile ya kusimulia hali ya hewa, "Nisingesema kitu. Bei yao ni bei yao. Lakini tangu Jumatano mama yako ameipaka ile cherehani mafuta, ameifuta mpaka chini ya miguu. Kitu kinachobaki hakifutwi hivyo." Kumbe alijua! Siku mbili alijua, akatukalia kimya nasi tunajiona wajanja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikuwa naisema tu, sikujua inamhusu mtu wa nyumbani kwetu.

Saa kumi gari likawa tayari. Baba akaja mbio mbio, akafungua mlango wa nyuma, akasimama pembeni yake wima, akimngoja Mama. Mazoea, Kaka. Hakujua hata anafanya nini. Mama akautazama ule mlango, akamtazama yeye, akasema, "Hapo nyuma akae huyu Kasuku. Mimi si mkurugenzi wako." Akazunguka, akajifungulia mlango wa mbele mwenyewe, akaketi. Nailoni ikalia chini yake, naye akashtuka kama kavunja kitu.

Baba anaendesha, Kaka, kama mtu anayemimina maziwa. Hakuna breki unayoihisi. Nimepanda magari ya watu wengi, sijawahi kubebwa vile. Na nikawaza, wakubwa wale wote walibebwa hivi kila siku, miaka thelathini na mmoja, na mke wa dereva ndiyo kwanza leo.

Tulipofika kwenye kile kituo chetu cha zamani hakukuwa na mtu. Hata paa limeng'olewa, limebaki benchi tu. Baba akapunguza mwendo. Akawasha taa mara mbili.

Mama akacheka. "Wewe, unamsalimu nani, nami niko hapa?"

Baba alilivuka benchi lile kwanza. Kisha akasema, "Haikuwa salamu, mke wangu. Nilikuwa nakuomba radhi."

Mama akakichukua kile kitambaa kichafu kilichokuwa kwenye dashibodi, akakigeuza upande uliobaki msafi, akamfuta Baba uso, shavu moja na la pili, Baba macho yake barabarani. Nami, Kaka, nilinyamaza kutoka pale mpaka nyumbani. Waulize wenyewe, watakuthibitishia.

Arbuni ya fundi ilirudishwa jana. Alinuna kidogo, akaishia kunywa chai. Sasa hivi ninapoandika, cherehani inanguruma mgongoni mwangu na meza inatikisika, ndiyo maana mwandiko umekwenda upogo.

Mfikishie wifi salamu zangu na mwambie ajitunze. Wabusu pacha, yule wa kulia pichani mara mbili kwa kuwa ndiye aliyefanana nami. Shangazi na mjomba wanakusalimu. Mwenyezi Mungu akulindeni huko ugenini, awape afya na riziki, na atukutanishe tukiwa wote tumesimama kwa miguu yetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, kwa mdomo na kwa moyo,

Kasuku

Baba ameomba kalamu aongeze neno. Mstari huu ni mwandiko wake:

Mwanangu, siku ukija usikodi teksi. Nitakupokea mwenyewe. Utakaa mbele.